Nafasi Tupu na Mipaka ya Bahari: Uhakiki wa Far Tortuga ya Peter Matthiessen

Riwaya ya Peter Matthiessen iitwayo Far Tortuga, iliyochapishwa mwaka 1975, hutajwa zaidi kwa sababu ya fani yake. Msomaji anakutana na kurasa zenye nafasi tupu, mazungumzo yasiyo na alama za mtajo wala jina la msemaji, na doa la wino linalosimama mahali pa maelezo mtu anapokufa. Mambo haya yanastahili kutajwa. Hata hivyo, mhakiki anayeishia hapo huacha swali la msingi bila jibu: fani hiyo inatumikia maudhui gani? Makala haya yanadai kwamba nafasi tupu za riwaya hii ni taswira ya bahari jinsi ilivyojulikana na mabaharia wa tanga, yaani bahari isiyochorwa mistari, na kwamba msiba unaosimuliwa ni msiba wa kuchorwa kwa mistari hiyo.

Msuko wenyewe ni mwepesi. Nahodha Raib Avers anang'oa nanga Grand Cayman akiwa na mabaharia wachache katika skuna Lillias Eden, msimu ukiwa unaelekea ukingoni, kwenda kuvua kasa katika miamba ya Miskito iliyo nje ya pwani ya Nikaragua. Chombo kiliundwa kwa ajili ya tanga, lakini sasa milingoti imefupishwa na injini za dizeli zimetiwa. Ukarabati haujakamilika, na redio iliyomo inapokea tu, haiwezi kupeleka habari. Tangu kurasa za mwanzo, basi, msomaji anaonyeshwa chombo kilichonyang'anywa elimu ya kale kabla ya kupewa elimu mpya. Nahodha anakijua kila kichwa cha mwamba, lakini anasafiri ndani ya kitu asichokiamini. Manung'uniko yake ya mara kwa mara dhidi ya zama hizi yangeweza kuchukuliwa kama tabia ya mzee mwenye hasira. Yakisomwa pamoja na hali ya chombo, yanakuwa ushahidi.

Ili kuielewa bahari hiyo, ni lazima historia yake izingatiwe. Magharibi ya Karibea, kutoka Belize hadi Panama, ni eneo ambalo lugha na dola hazilingani. Visiwa vya Bay, kikiwemo Roatán, vilikuwa koloni la Uingereza kuanzia mwaka 1852, kisha vikakabidhiwa Hondurasi kwa mkataba wa 1859. Pwani ya Wamiskito nayo ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza kabla ya kuingizwa kikamilifu katika Nikaragua mwaka 1894. Kwa hiyo mwana wa Roatán alibaki akisema Kiingereza cha baharini, huku dola yake ikisema Kihispania. Speedy, mhusika anayetoka kisiwa hicho, ni zao la historia hiyo. Anapozungumza na watu wa Cayman, hakuna anayehitaji mkalimani, ingawa kwa hati za kusafiria wao ni wageni kwake. Upepo uliwaunganisha watu hawa kabla serikali hazijawagawa.

Hapa ndipo fani inapoonyesha kazi yake. Sauti zinapanda kutoka kwenye sitaha bila kutambulishwa, na msomaji analazimika kumjua msemaji kwa mwendo wa usemi wake, kama mabaharia wanavyotambuana gizani. Msimulizi hufunga kinywa. Matthiessen alieleza katika mahojiano kwamba aliziepuka tashbihi kwa makusudi, na uamuzi huo una mantiki. Tashbihi humpeleka msomaji mahali pengine, ilhali baharia wa tanga hana ruhusa ya kuwa mahali pengine: upepo ni upepo, mwamba ni mwamba, na anayeacha kuutazama huangamia. Nafasi iliyo kati ya sentensi moja na nyingine ni muda ambao chombo kinasubiri upepo.

Mistari inaingia taratibu. Nikaragua inawafungia wavuvi wa Cayman miamba ambayo babu zao waliitega nyavu. Kejeli ni kwamba kasa mwenyewe hatambui mpaka wowote: majike wanaotaga katika fukwe za Tortuguero, Kostarika, huenda kula majani ya bahari katika miamba ya Miskito. Mwaka huo huo wa 1975 Kostarika iliimarisha kwa sheria hifadhi ya Tortuguero. Tangu hapo mistari imezidi kuchorwa. Mwaka 2007 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mpaka wa bahari kati ya Nikaragua na Hondurasi, na mwaka 2012 ule wa Nikaragua na Kolombia. Vijisiwa ambavyo mabaharia walivijua kama alama za njia vikawa hoja za mawakili. Far Tortuga, kijisiwa ambacho nahodha anakiona kuwa kimbilio la mwisho, chawa alama ya ndoto ya bahari isiyo na mwenyewe. Wanapofika, wanakuta kimekwisha kaliwa na watu wenye njaa kama wao. Wakiondoka usiku kwa hofu, chombo kinagonga mwamba.

Hata hivyo, riwaya hii haikosi udhaifu. Huzuni yake juu ya ubaharia wa tanga inakaribia kuwasamehe mabaharia wenyewe. Watu wa Cayman hawakuvuka hadi Nikaragua kwa kupenda safari; walikwenda kwa sababu kasa wa visiwa vyao walikuwa wamekwisha kuvuliwa. Mistari ya serikali ilichorwa juu ya bahari iliyokuwa imeanza kumalizwa. Aidha, Wamiskito, ambao kwao kasa ni chakula na utamaduni, wanabaki pembeni mwa masimulizi. Wanawake wanasikika kwa kutajwa tu. Kimya cha mwandishi, ambacho ni nguvu yake kuhusu bahari, chawa kasoro kuhusu jamii hizi, kwani si kila nafasi tupu ina maana sawa. Iko nafasi ya upepo, na iko nafasi ya mtu aliyesahauliwa.

Mtafsiri atakayethubutu kuileta riwaya hii katika Kiswahili atakabiliwa na swali hilo hilo. Msamiati haupungui: joshi na demani, omo na tezi, foromali na ngama zipo, na wavuvi wa Kibajuni walimjua kasa kiasi cha kumvua kwa kutumia samaki aitwaye chazo. Tatizo ni sauti. Kiswahili sanifu kingemvika Speedy kanzu isiyo yake. Lahaja ya pwani ingemfaa zaidi, ilimradi isifanywe kichekesho.

Speedy peke yake ndiye anayenusurika. Katika riwaya nzima amekuwa akizungumzia shamba na ng'ombe wake huko Roatán, na bahari kwake ni kazi ya kumrudisha nyumbani. Aliyeipenda bahari isiyo na mistari amezama nayo. Aliyekuwa na kipande cha ardhi chenye mipaka anarudi kusimulia. Uamuzi huo wa mwandishi ni mkali kuliko maombolezo yake yote, na ndio unaoifanya Far Tortuga istahili kusomwa tena.