Kusoma Biblia kwa Visa Vyake

Mtu apitaye Gatina, huko Kawangware, magharibi ya Nairobi, huzisoma aya za Biblia hata kama hakukusudia. Zimeandikwa juu ya milango ya vibanda, nyuma ya matatu, na katika kuta za mabati za makanisa madogo. Nyingi ni fupi, na karibu zote ni za ahadi. Sina neno juu ya desturi hiyo, maana mtu aliye katika taabu hujifariji kwa kile alicho nacho. Lakini wewe, msomaji, unayejifunza kupima vitabu, yakupasa kuuliza kila aya imeng’olewa katika kisa gani.

Hata namba za aya hizo waandishi wa kale hawakuzijua. Mgawanyo wa sura tunaoutumia husemwa kuwa ni kazi ya Stephen Langton, mwanachuoni Mwingereza wa karne ya 13. Nazo aya za Agano Jipya zilitiwa namba na Robert Estienne, mpiga chapa Mfaransa, mwaka 1551. Namba hufaa sana kwa kutafutia mahali. Hasara yake ni kutufanya tudhani kwamba kila aya imejitosheleza kama methali. Ndipo mwanafunzi ajiandaaye kwa mtihani hukariri sura na aya, akaweza kuitaja Yeremia 29:11 bila kusita, lakini ukimwambia akusimulie habari yenyewe hunyamaza.

Na tuitazame aya hiyo, kwa kuwa hapana iliyo mashuhuri kuliko hiyo. Huandikwa katika kadi za kuwatakia heri watahiniwa, kwa sababu ndani yake Mungu anaahidi amani na tumaini la baadaye. Sasa isome sura yote. Utaona kwamba ni barua. Imetoka Yerusalemu kwenda Babeli, kwa watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza yapata mwaka 597 kabla ya Kristo. Katika sura iliyotangulia, nabii mwingine, Hanania, amewaambia watu kwamba vyombo vya hekalu na mateka watarudi baada ya miaka miwili. Yeremia anasema ni sabini. Fikiri jinsi barua hiyo ilivyosikika masikioni mwa mtu mwenye umri wa miaka arobaini. Ahadi ilikuwa kweli, lakini yeye mwenyewe angefia ugenini. Aliyeahidiwa kurudi alikuwa mjukuu wake. Tena barua inawataka wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule ule uliowateka.

Maneno hayo ni mazito kwa watu wa Gatina kuliko aya ya kadi. Wengi wa wakaao huko ni wapangaji waliotoka mbali, na wengi wao Magharibi mwa Kenya. Mtu aweza kupanga chumba huko miaka thelathini, amezaa na kusomesha watoto hapo hapo, na bado ukimwuliza kwake ni wapi akakutajia kijiji yalipo makaburi ya babu zake. Gatina kwake ni mahali pa kulala. Mfereji ukiziba, ni kazi ya wengine. Barua ya Yeremia inamshika mtu huyo begani na kumwuliza kama miaka thelathini si maisha. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yanalingana kabisa. Watu wa Yuda walipelekwa kwa nguvu, na wa Gatina walikuja kwa kutafuta riziki. Tena mpangaji hawezi kujenga katika kiwanja cha mwenyewe. Msomaji mwema hufananisha, kisha husema wazi mfano unapokomea. Lakini lile swali hulikuti ukisoma aya moja peke yake.

Kisa cha Yusufu nacho huharibiwa kwa njia nyingine. Tumekifanya kuwa habari ya kijana wa ndoto aliyetoka gerezani akawa mkubwa, na hapo ndipo wasimulizi wengi huishia. Ukikisoma tangu sura ya 37 ya Mwanzo utagundua mtu wa pili, Yuda. Ndiye aliyetoa shauri ndugu yao auzwe. Katika sura ya 44 ndiye ajitoaye awe mtumwa ili Benyamini apate kwenda kwa baba yake. Yusufu amepanda cheo, bali aliyegeuka moyo ni Yuda, na kwa hukumu yangu hicho ndicho kiini cha kisa. Endelea hadi sura ya 47, utamwona Yusufu akinunua mifugo, mashamba, na mwisho watu wenyewe wa Misri kwa ajili ya Farao, kwa bei ya chakula. Kisha fungua Kutoka: Farao mwingine amewatia utumwani wana wa Israeli. Mwandishi haongezi lawama yoyote. Amekuachia wewe uviweke visa viwili pamoja.

Lugha yetu nayo ina msaada wake. Chombo cha Nuhu twakiita safina. Na katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 chombo alimowekwa Musa mchanga kinaitwa kisafina. Katika Kiebrania vyote viwili vina jina moja. Wafasiri wangaliandika kikapu, na hapana ambaye angaliwalaumu. Lakini tungalipoteza dalili kwamba mtoto yule mtoni ni gharika na wokovu vikianza upya.

Kwamba kusoma huku kuna hatari, hilo alilionyesha marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyesoma katika miaka ya 1950 katika shule ya Alliance, huko Kikuyu, mwendo usio mrefu kutoka Gatina. Riwaya yake A Grain of Wheat, ya mwaka 1967, imepata jina katika habari ya punje ya ngano ambayo haina budi kufa ili izae. Kihika, mpigania uhuru, ana Biblia aliyoipigia mistari, na katika habari za Kutoka huwaona watu wa Kenya chini ya Mwingereza. Mugo naye hujiona kuwa ni Musa, aliyetengwa kwa jambo kubwa. Basi Mugo ndiye amsalitiye Kihika, naye Kihika ananyongwa, na watu wa kijiji, bila kujua, wanamtukuza Mugo hadi siku za Uhuru za Desemba 1963, ndipo aungame mbele yao. Wote wawili wamekishika kisa kile kile. Kihika ameona humo taifa zima, na Mugo amejiona nafsi yake tu. Wala hapana aya moja ambayo ingaliweza kumwonya. Ilihitaji habari nzima ya sura ya 3 na ya 4, ambamo Musa, akiitwa penye kijiti kiwakacho moto, hutoa udhuru baada ya udhuru, na mwisho huomba atumwe mtu mwingine.