Mafundi wa Miti, Fito na Makuti

Pongezi hizi ni za mafundi wa nyumba za miti na udongo wa Kibaha na Kisarawe, ambao ramani yao huchorwa ardhini kwa kamba na vigingi.

Nguzo huchimbiwa kwanza, kisha mtambaapanya hulazwa juu yake. Kombamoyo hupanda hadi kwenye mwamba wa paa, zikibeba fito za kushikia makuti. Hapo ndipo ufundi ulipo. Majani ya mnazi hukunjwa juu ya ujiti na kushonwa. Safu hufungwa kuanzia chini, ya juu ikiilalia ya chini, na paa hupewa mteremko mkali ili mvua ya masika isipate pa kutulia. Hewa ya moto hupenya na kutoka. Bati haliwezi hilo.

Kuta hukandikwa baadaye. Mzigo wa paa umebebwa na miti. Udongo hujaza tu. Nyumba alikokulia Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, kule Shottery, Uingereza, nayo ina fremu ya mbao na ezeko la majani makavu, na leo watu hulipa kiingilio kuitazama.

Mchwa na moto ni maadui wa kweli, na makuti hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Ndiyo maana fundi ana thamani kubwa kuliko nyumba yenyewe. Makumbusho ya Kijiji, Dar es Salaam, inaonyesha nyumba ya Kizaramo ya namna hii. Vyuo vyetu vya ufundi mkoani Pwani navyo viwaite wazee hawa wafundishe wangali na nguvu.