Hati ya Wimbo: Wanawake Watunzi na Burundi katika Muziki wa Majaribio

Utangulizi

Katika Zone Industrielle ya Bujumbura, mzigo hautoki ghalani bila hati inayotaja mwenyewe na unakokwenda. Nyimbo za Burundi zimevuka mipaka kwa zaidi ya nusu karne, nyingi zikiwa hazina hati ya namna hiyo. Makala haya yanahakiki njia tatu za utunzi wa wanawake zinazokutana Burundi: Joni Mitchell wa Kanada, Khadja Nin wa Burundi, na waimbaji wa akazehe. Yanatetea hoja kwamba athari ya mtunzi hufuata jina lake: penye jina hurithiwa kama sanaa, pasipo jina huchukuliwa kama malighafi.

Ngoma ya ikulu, msitu wa mchoraji

Mwaka 1975 Mitchell alitoa albamu ya The Hissing of Summer Lawns. Wimbo wake "The Jungle Line" umejengwa juu ya rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi, akaongeza gitaa, kinanda cha kielektroniki cha Moog na sauti yake. Kutumia rekodi ya watu wengine kama msingi wa wimbo mzima lilikuwa jambo geni wakati huo. Ngoma si pambo hapa. Ndiyo inayotawala mwendo, na sauti ya mwimbaji huelea juu yake bila kuifuata moja kwa moja. Wahakiki wengi hawakuifurahia albamu hiyo. Wanamuziki ndio walioisikia. Prince aliisifu, na mwaka 2007 Björk aliimba "The Boho Dance", wimbo wa albamu hiyohiyo, katika mkusanyo wa kumuenzi Mitchell.

Hata hivyo, ujasiri huo una kasoro. Wimbo unamrejelea Henri Rousseau, mchoraji aliyechora misitu ya mbali bila kuondoka Ufaransa. Kwa hiyo ngoma iliyokuwa ya heshima ya mwami, yenye adabu na itifaki zake, inageuzwa kuwa mlio wa porini. Wapigaji wenyewe wanatajwa kwa jina la nchi tu.

Kiswahili kama mahali pa kutunga

Khadja Nin, aliyezaliwa Burundi mwaka 1959, alichukua njia ya kinyume. Katika albamu ya Sambolera (1996) aliuchukua wimbo "Free" wa Stevie Wonder, akauita "Sina Mali, Sina Deni". Anwani hiyo si tafsiri. Neno la Kiingereza linatangaza uhuru. La Kiswahili linautambulisha kwa vitu viwili asivyonavyo msemaji, na kumwachia msikilizaji ahitimishe mwenyewe. Huo ni utunzi kamili, unaotumia mantiki ya methali. Na mtunzi wa awali alibaki na jina lake.

Sauti mbili zisizo na jina

Akazehe ni maamkizi ya wanawake yanayoimbwa: sauti moja huongoza, nyingine hupokea, zikipishana na kusukana hadi sikio lishindwe kuzitenga. Mtu akiyasikia leo bila maelezo angeweza kudhani ni jaribio la studio. Michel Vuylsteke aliyarekodi mwaka 1967, na sahani iliyochapishwa na Ocora iliwataja waimbaji kama "msichana mmoja" na "wasichana wawili". Kwa hiyo mwanamuziki anayeathiriwa nao hana wa kumshukuru, na familia zao hazina cha kudai.

Hitimisho

Sera za urithi zimeelekea zaidi kwenye ngoma. UNESCO iliorodhesha ngoma ya kifalme ya Burundi mwaka 2014. Amri ya rais ya mwaka 2017 ikawakataza wanawake kuipiga. Ikiwa ngoma ndiyo sura pekee ya muziki wa taifa, na mwanamke haruhusiwi kuishika, basi mchango wake unabaki nje ya kumbukumbu rasmi. Tunapendekeza mambo matatu: nyaraka za sauti zitaje waimbaji kwa majina yao, kwa ridhaa yao, akazehe itambuliwe kuwa utunzi unaostahili ulinzi wa hakimiliki, na nchi za Afrika Mashariki zifundishe nyimbo kama za Khadja Nin katika masomo ya fasihi ya Kiswahili. Mzigo wa ghalani tumeuandikia hati. Wimbo nao unastahili yake.