Masahihisho na Utenguzi wa Makala: Wajibu wa Majarida ya Kitaaluma

Jarida la kitaaluma ni shahidi. Likitambua kwamba ushuhuda lililouchapisha haukuwa wa kweli, lina wajibu wa kusema hivyo mbele ya wale wale waliousikia. Yatupasa kuuliza kama wajibu huo unatimizwa.

Taratibu zipo. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, ilitoa miongozo ya utenguzi mwaka 2009. Kosa dogo hutolewa masahihisho; matokeo yasiyoaminika tena hutenguliwa, hata kama kosa lilitendwa kwa nia njema. Tangazo litaje nani anatengua na kwa sababu gani, nalo liunganishwe na makala yenyewe.

Udhaifu wa kwanza ni ukawiaji. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala yaliyohusu watoto 12, yakihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Mwaka 2004 waandishi 10 kati ya 13 waliikana tafsiri hiyo. Makala yenyewe yalitenguliwa mwaka 2010, baada ya wazazi wengi kuiogopa chanjo.

Udhaifu wa pili uko karibu nasi. Mwaka 1990 East African Medical Journal lilichapisha utafiti wa KEMRI, Kenya, juu ya Kemron, dawa ya interferoni iliyotolewa kwa kinywa kwa wenye virusi vya UKIMWI. Rais Moi aliitangaza, na wagonjwa wakaitumainia. Majaribio yaliyofuata, likiwamo la Uganda ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, hayakuona faida yake. Hapa hoja si udanganyifu, maana utafiti hupimwa kwa utafiti. Lakini matokeo ya Uganda yalitokea katika jarida jingine, la Uingereza. Afunguaye juzuu ya 1990 iliyojalidiwa hakutani na maneno ya mwaka 2000. Kiungo cha kompyuta hakifiki rafuni, na maktaba zetu nyingi bado ni za rafu.

Kanisa lina urithi katika jambo hili. Yapata mwaka 426, Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alianza kupitia upya vitabu vyake 232 na kuandika Retractationes, neno la Kilatini lenye maana ya kutazama tena. Hakuvichoma vitabu vile. Alikitaja kila kimoja, akaonyesha palipokosewa na namna ya kupasoma. Luther naye, huko Worms mwaka 1521, alikataa kuyakana maandiko yake kwa amri tupu. Alitaka ashawishwe kwa Maandiko Matakatifu na hoja zilizo wazi. Wawili hawa hawapingani. Augustino afundisha kwamba kosa litajwe mahali pake; Luther, kwamba ukanusho usio na sababu hauna uzito. Kwa kipimo hicho, tangazo lisemalo tu kwamba makala yameondolewa halitoshi: linamwacha msomaji bila kujua aache lipi na ashike lipi.

Basi wahariri wa majarida yetu ya theolojia wachapishe masahihisho mahali panapoonekana, yakiwa na kichwa chake katika yaliyomo. Wakutubi wabandike karatasi ya tangazo ndani ya juzuu ya zamani. Nasi wahubiri, kabla ya kupeleka mimbarani tulichosoma jaridani, tuulize kama kimesahihishwa, maana msharika aketiye mbele yetu hana juzuu ya pili ya kulinganisha.