Pongezi kwa Neema Crafts ya Iringa
Wengi huanza hisani kwa bidii, kisha wakavunjika moyo kwa dhihaka na uhaba wa fedha. Lakini Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono ya walemavu iliyoasisiwa Iringa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikianza na vijana watatu viziwi waliofunzwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, haikukoma, ijapokuwa hawakukosekana waliosadiki kwamba mlemavu hana riziki ila kuombaomba. Leo mgeni huingia mkahawani mwao, akaandika haja yake kwenye kijikaratasi, naye mhudumu kiziwi akaipokea kwa bashasha na kumletea kahawa. Nami naihesabu huduma hiyo kuwa ni ibada. Ewe msafiri uendaye Mbeya, shuka Iringa, ununue kazi ya mikono yao kwa bei yake kamili.