Kina cha Kati Huzama Kikisomwa

Kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri kilitoka mwaka 1954. Mwandishi wake, Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Ukitoka Ujiji kwenda Kasulu unapanda. Unaacha migebuka mibichi, samaki wa ziwani, unakuta maharage na kahawa. Sheria nazo zilipanda mpaka madarasani: mizani 16 kwa mshororo, 8 kwa 8, kina cha kati na kina cha mwisho. Kilichosahaulika njiani ni sauti. Amri alitaka shairi liimbike. Darasani linasomwa kama taarifa ya habari, kisha vina vinapigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Nimetunga mishororo miwili ili tuipime:

Kasulu kwapambazuka, ukungu washika njia,
Magunia twafunika, lori tunalisikia.

Isome kwanza bila kuimba. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sauti inapanda kwenye -zu- ya "pambazuka" na -ni- ya "funika". Hizo hazifanani. Kinachofanana ni -ka, na -ka imeangukia pasipo na mkazo, inazama. Mwisho wa mshororo mambo ni tofauti. "Njia" na "sikia" zinapatana tangu kwenye mkazo wenyewe, -i-, mpaka -a. Sheria inataka silabi ya mwisho tu, nami nimeongeza irabu ya silabi iliyotangulia, ndiyo maana kina hicho kinasikika hata kwa msomaji mvivu.

Sasa imba. Mwimbaji hutua kwenye nusu ya mshororo, na -ka iliyokuwa imezama inapata muda wake. Inagonga. Halafu -ia inavutwa, kwa kuwa haina konsonanti ya kuikatiza katikati.

Kishawishi kilikuwa kuandika "twapakia" badala ya "twafunika". Mizani ingebaki 8, na lori linakuja, maana ingekaa vizuri zaidi. Nikakataa. Kina cha kati kisingerudi kwenye -ka, kingekuwa sawa na cha mwisho, na sikio lisingejua limefika nusu au limefika nyumbani. Hapo mtunzi anapoteza neno zuri ili alinde hatua.

Lakini sikio la nani? Huku Kasulu na Kibondo wengi wamelelewa na Kiha, lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni mali ya neno, na urefu wa irabu una kazi yake. Viambishi vya ngeli vya Kiha, kama vya Kiswahili na vya Kirundi walichokuja nacho wakimbizi wa Kambi ya Nduta, hukaa mwanzoni mwa maneno: umuntu, abantu. Mlio unarudi mbele, hausubiri mkiani. (Mshairi Kezilahabi, aliyevitupa vina katika diwani yake Kichomi mwaka 1974, alikuwa mtu wa Ukerewe, naye hakulelewa na lugha ya pwani. Sisemi zaidi ya hapo.)

Nadhani sikio hilo litaanza kuvuna kwingine katika mishororo yangu. Mshororo wa kwanza una k tano, kavu, za alfajiri. Wa pili zinabaki mbili, na l inashika zamu: "lori" lenyewe, kisha -li- ndani ya kitenzi. Lori limetajwa mara mbili, na bado halijatokeza kwenye ukungu.