Mchezo wa Zelda, wa Kwanza na wa Baadaye

Wasomaji wengine wametuuliza: Mbona mwapima vitabu na sinema, lakini juu ya michezo ya televisheni, ambayo vijana wanaicheza mpaka usiku wa manane, hamsemi neno? Wana haki. Basi leo twaweka vitabu kando. Tutapima mchezo mmoja tu, uitwao The Legend of Zelda, kwa sababu kampuni ya Nintendo ya Japani imeutengeneza upya mara nyingi kwa mashine mbalimbali. Mwenye kuutazama tangu mwanzo ataona jinsi watengenezaji wanavyomfikiri mchezaji: kama mtu mwenye akili, au kama mtoto wa kushikwa mkono.

Mchezo wa kwanza ulitoka Japani mwaka wa 1986, kwa mashine ya Famicom. Mwaka wa 1987 ukafika Amerika na Ulaya ndani ya kaseti ya rangi ya dhahabu. Kaseti hiyo ilikuwa na betri ndogo ya kutunza kumbukumbu, ili mchezaji azime mashine, akalale, na kesho aendelee. Waliouongoza ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Bwana Miyamoto amesimulia kwamba wazo lilitoka katika utoto wake huko Sonobe, karibu na Kyoto, alipokuwa akizunguka milimani, akagundua pango, akaingia na taa.

Na pango ndilo jambo la kwanza utakaloliona. Mchezo unapoanza, kijana Link amesimama uwanjani, hana silaha. Njia zaenda kushoto, kuume na mbele, na kando yake pana tundu jeusi. Hakuna anayekuambia neno. Ukiingia tunduni, mzee anakupa upanga. Usipoingia, nenda zako mikono mitupu. Utakufa upesi, kisha utarudi kulitazama lile tundu kwa macho mengine. Hivyo umefundishwa bila kuhubiriwa. Nchi nzima ina vipande 128, na waweza kutembea karibu pote tangu saa ya kwanza.

Tulimweka mbele ya mchezo huo kijana mmoja, jirani yetu, mwenye miaka 12, aliyezoea michezo ya simu. Kwanza alicheka. «Baba, hii miti au kabichi?» Tukanyamaza. Baada ya saa moja hakucheka tena; aliomba karatasi na kalamu, akaanza kuchora ramani yake mwenyewe, hapa mto, hapa makaburi, hapa usipite.

Lakini tusiusifu kupita kiasi. Nyumba ya nane ya chini ya ardhi imefichwa chini ya kichaka, nacho hufunguka ukikichoma moto kwa mshumaa. Kichaka gani? Kinafanana na vingine vyote. Pengine ni ukuta wa kupasua kwa bomu, nao hauna hata ufa. Wazee wa mapangoni wanatoa mashauri, lakini yalipotiwa katika Kiingereza yaliharibika, hata wenye kujua lugha hiyo walipotea. Mnunuzi wa siku zile alipata kijitabu na ramani pamoja na kaseti. Aliyeazima kaseti tupu alichoma vichaka mpaka akachoka. Hapo akili haisaidii tena, ni bahati tu.

Watengenezaji wakaona kosa hilo, wakalisahihisha mno. Mchezo wa 1991, kwa Super Famicom, umepangwa vizuri, hatuna ugomvi nao. Mwaka wa 1998 ukaja Ocarina of Time, kwa Nintendo 64, na wengi husema ndio bora kuliko yote. Kweli ulifanya jambo kubwa: kwa kubonyeza kifungo kimoja jicho la mchezaji linamshika adui, lisimwache, michezo mingi imeiga hayo. Lakini humo yumo pia kijimalaika Navi, anayeita na kuita usikilize. Na katika Skyward Sword wa 2011, kwa Wii, mtumishi aitwaye Fi anakuja kukuambia kwamba nguvu zako zinakwisha, hali kengele ya hatari inalia tayari masikioni mwako! Mchezo huo ulipotolewa tena mwaka wa 2021, walimpunguzia maneno. Inaonekana si sisi peke yetu tuliochoka naye.

Sasa tufike kwenye Breath of the Wild, wa mwaka wa 2017, kwa Wii U na Switch. Hidemaro Fujibayashi na wenzake walitengeneza kwanza jaribio dogo lenye picha bapa, mfano wa ule wa 1986, wapate kuona kama moto, mti na upepo vyaweza kufanya kazi pamoja. Link anatoka pangoni, nchi yote iko mbele yake. Akiisha kumaliza mambo ya uwanda wa kwanza, aweza kwenda moja kwa moja ngomeni kwa adui mkubwa, akitaka kufa.

Tofauti na mchezo wa kwanza ndiyo hii: mti unaungua kwa sababu mti huungua. Mwamba ulionyeshewa na mvua unateleza. Yule kijana wetu aliponyeshewa, cheche zikaanza kuruka juu ya upanga wake, akauweka chini mara moja bila kuambiwa na mtu. Sisi wa Kivu twakaa katika nchi inayopigwa na radi kuliko karibu pote duniani. Mtoto amekwisha kusikia nyumbani asishike jembe mvua ikija. Alichojua shambani kilimwokoa mchezoni. Hilo hatujaliona katika mchezo mwingine.

Wengi wanalalamika kwamba silaha zavunjika upesi. Sisi hatulalamiki, maana ndizo zinazokufanya ufikiri kabla ya kupigana. Lamu letu ni lingine: zile nyumba 120 za majaribio zimejengwa kwa sura moja, na baada ya thelathini umechoka. Na mwenye kuwatafuta watoto wa msituni wote 900 atapewa zawadi yenye umbo, tuseme kwa heshima, la kinyesi. Tusimwonee huruma, aliwaza nini?

Mwenye fedha za mchezo mmoja tu anunue huu wa 2017 kwa mashine ya Switch, ambayo ina betri na huchezeka hata umeme ukikatika. Kiswahili hakimo, lakini Kifaransa kimo. Ile ramani ndogo inayokaa pembeni mwa kioo yaweza kuondolewa. Kijana wetu aliiondoa siku ya pili, akaomba tena karatasi.